Chumba cha Betri cha Mikadini

Kristina aliisikia harufu ile tangu asubuhi, alipokuwa akifungua madirisha ya zahanati, akadhani ni yai. Kuku wa Mikadini hutaga popote wapendapo, na si mara moja alishakuta yai viza nyuma ya kabati la dawa. Akainua maboksi ya glovu, akachungulia chini ya kitanda cha kujifungulia, hakuona kitu. Akaacha. Alikuwa na mzazi chumbani, na mzazi mwenyewe alikuwa Sabra, binti wa Mzee Idarusi. Ulikuwa uchungu wa kwanza, na mwanamke mwenye uchungu wa kwanza hakuachii nafasi ya kusaka mayai.

Nje kusi lilikuwa limekaza. Wiki nzima lilivuma bila kupumzika, likaja moja kwa moja kutoka baharini, likailaza miti ya mikadi ya pwani na kuitia chumvi hata chai ya vikombeni. Juu ya mlingoti uliosimama nyuma ya zahanati, mtambo wa upepo, ambao kijiji kizima huuita pangaboi, ulizunguka kwa kasi hata mapanga yake hayakuonekana tena. Lilibaki duara la kijivu tu, na mvumo kama wa nyuki walioudhiwa.

Mikadini iko pwani, kati ya mji wa Tanga na Pangani, mahali ambapo nguzo za umeme bado hazijafika. Taa za zahanati, friji la chanjo, mashine ya kumpa mgonjwa hewa, vyote vinakula umeme wa pangaboi lile. Na kwa kuwa upepo hauna ratiba, umeme huwekwa kwenye betri, safu mbili za betri nzito kama madebe ya maji, ndani ya chumba kilichojengwa kwa kuegemea ukuta wa chumba cha wazazi. Mlango wake ulitazama ukumbini, hatua chache kutoka kwenye friji.

Betri za kwanza zilikufa changa. Watu walichaji simu, wakaweka runinga ya kutazamia mpira, wakazikamua kila siku mpaka tone la mwisho, na betri inayokamuliwa hivyo haizeeki, inakufa. Zilipoletwa mpya, kamati ya kijiji ilimchagua Mzee Idarusi azitunze. Alikuwa mstaafu wa bandarini Tanga, mtu aliyetumia ujana wake kupaka grisi mashine za kunyanyulia mizigo, na alizipokea betri zile kama mtu aliyekabidhiwa watoto yatima. Hakuruhusu zishuke chini ya nusu. Hakuzinywesha ila maji safi ya betri ya dukani. Alizifuta na kuzipaka grisi vichwani, na alipita chumba hadi chumba akizima taa, hata kama Kristina ameshika sindano mkononi.

"Sista, taa hii inakula betri bure."

"Mzee Idarusi, namtafuta mgonjwa mshipa!"

"Basi mtafute upesi."

Mkewe, Bi Semeni, alikuwa akimcheka kwamba hata tochi yake huizima kati ya hatua na hatua. Lakini mwaka wa tatu ulikuwa unakwisha na betri zilikuwa bado zima, na wote walijua ni kwa sababu yake.

Kristina alimheshimu mzee, ila chumba chake hakukiingia. Alizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge upande wa Pongwe, ambako baba yake, Anold, mhamiaji kutoka Songea, aliendesha trekta. Alikuwa msichana mdogo siku baba alipofungua vifuniko vya betri ya trekta, akawasha kiberiti ili aone kama maji yamepungua. Ulitokea mlio mmoja mfupi. Kristina ndiye aliyekuwa akipokezana ndoo na mama yake, wakimmwagia baba maji usoni huku akipiga kelele kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Jicho la kushoto halikufunguka tena. Tangu hapo Kristina akiiona betri hupita mbali, kama wengine wanavyopita mbali na nyoka aliyekufa.

Ndiyo maana hakuuliza pale, majuma machache nyuma, alipomwona mzee akiingiza mbao, magunia na kopo la lami. Fundi Rahimu, aliyefunga mtambo ule, alikuwa amekuja kutoka Nguvumali, mjini Tanga, kuukagua, akakuta unga wa kijani umeota kwenye vichwa vya betri. "Mzee, hewa ya chumvi hii," alisema, "ukiiacha itazila betri zako kabla ya wakati." Mzee Idarusi aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa na daktari kuhusu mwanawe.

Ilipokaribia adhuhuri, Kristina aligundua kwamba taa ya chumba cha wazazi imekuwa kali mno. Haikuwa na ule umanjano wake wa kawaida. Ilikuwa nyeupe, inauma macho. Sabra alijifunika uso kwa mkono.

"Sista, ipunguze."

"Haipunguzwi, mwanangu. Geuka ukutani."

Sabra akageuka, akalaza kiganja ukutani, kisha akakiondoa haraka. "Mbona ukuta una moto?"

Kristina akaugusa. Ulikuwa na joto kama paji la mtoto mwenye malaria. Akatega sikio. Chini ya mvumo wa pangaboi, upande wa pili wa matofali, kitu kilikuwa kikichemka, kama sufuria nyingi za maharage zilizosahauliwa jikoni. Na ile harufu ya yai viza sasa ilikuwa nzito, imekaa kooni.

"Mzee yuko wapi?" alimuuliza Bi Semeni, aliyekuwa akimkanda binti yake mgongo.

"Yumo humo. Kasema betri zinakunywa maji sana leo, anakwenda kuziongeza."

"Tangu saa ngapi?"

Bi Semeni akaacha kukanda. "Kitambo."

Kristina akatoka ukumbini, akasimama mbele ya mlango wa betri. Hakuugusa. "Mzee Idarusi!" Kimya. Akaita tena kwa sauti kubwa. Ndipo likaja jibu dogo, lililolegea, kama la mtu anayesemea usingizini: "Nakuja, Sista. Nakuja."

Hakuja.

Kristina alikimbia nje hadi penye mtandao, akampigia Rahimu. Upepo ulimpokonya maneno, ikabidi ajifunike kwa mtandio pamoja na simu.

"Fundi, chumba cha betri kinanuka yai bovu. Na zinachemka, nazisikia."

Rahimu hakuuliza hali yake wala ya watoto. "Ile hita ya nje ina joto? Iguse."

Kwenye ukuta wa nje palikuwa na kizimba cha waya kilichomeza umeme wa ziada kila betri zinaposhiba. Wanawake walizoea kukaushia nepi hapo. Kristina akasogeza mkono, akausogeza zaidi, mwishowe akakishika. "Baridi kabisa. Na waya wake umekatika, umeliwa na kutu."

"Ya Rabi. Basi umeme wote unaingia kwenye betri na hauna pa kutokea. Sikiliza, dada. Humo ndani sasa mna gesi. Cheche moja tu, chumba kinapaa. Usiwashe kitu, usizime kitu, kwa sababu swichi ndiyo inayotoa cheche. Simu usiingie nayo. Matundu ya juu yako wazi?"

Kristina akainua macho chini ya paa. Matundu mawili ya kupitisha hewa yalikuwa yamezibwa kwa mbao na magunia, yamepakwa lami pembeni vizuri kabisa, kazi ya mtu mwenye subira.

"Yamezibwa."

"Kayaziba nani?"

Kristina akalikumbuka lile kopo la lami mikononi mwa mzee.

"Watoe watu wote," Rahimu akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Halafu simamisha pangaboi. Breki iko kwenye kisanduku cha mlingotini, huko nje gesi haifiki. Lakini ngoja upepo ushushe pumzi. Ukiivuta wakati unavuma kwa nguvu, itaunguza mtambo na pangaboi litazidi ku..."

Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikuita.

Akakimbilia mlingotini. Kisanduku kilikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli lile ulining'inia shingoni mwa Mzee Idarusi, usiku na mchana, pamoja na hirizi yake.

Alirudi ndani. Alitamani kupiga kelele, lakini alishaona kazini kwamba nesi akipiga kelele wagonjwa huanza kukimbia, na mtu anayekimbia hugusa vitu. Akasema kwa upole, "Bi Semeni, tunamtoa Sabra nje. Sasa hivi. Msiguse taa."

"Nje kwenye upepo huu? Mtoto anakaribia!"

"Atakuja huko huko."

Bi Semeni alimtazama usoni, akaona kitu kilichomfanya asibishe. Wakamwinua Sabra, mmoja huku mwingine kule, wakamtembeza ukumbini. Mbele ya friji la chanjo uchungu ukamkamata, akasimama, akalishika friji kwa mikono miwili na kuinama. Kristina alilitazama friji lile. Lilikuwa kimya. Friji hujizima lenyewe likipoa na hujiwasha lenyewe likipata joto, na kila linapojiwasha husikika kule kudata kwake, tak, kudogo kama mtu anayevunja kijiti. Na swichi ile nayo ina cheche yake.

"Tembea, Sabra. Tembea, mama, utapumzika nje."

Wakamfikisha ufukweni, nyuma ya kichaka kinene cha mikadi kilichokinga upepo, wakatandika kanga. Bi Semeni akauliza bila kumtazama, "Na mume wangu?"

"Nitamtoa," Kristina akasema, na akalisikia neno likiwa limeshatoka.

Aliiweka simu mchangani. Akarudi. Njiani alisimama mara mbili, na mara ya pili alishika ukuta, akafikiri: nikae hapa. Niseme nilijaribu. Alimwona baba yake amelala kwenye nyasi za kambini, maji yakimtiririka, mdomo umeachama. Hakujua kama alikuwa akisali au akitukana. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Mkono ukashika kitasa. Kilikuwa cha moto.

Mlango ulipofunguka, hewa ilimpiga kama mvuke wa chungu. Macho yakamwasha. Ndani palikuwa na giza kwa kuwa matundu yamezibwa, na katikati ya giza lile mwanga mmoja wa njano ulikuwa chini, ukimulika ukungu. Betri zilichemka pande zote mbili, zikitema matone ya tindikali, na baadhi zilikuwa zimevimba mbavu. Mzee Idarusi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, dumu la maji ya betri limeanguka kando yake. Tochi ilikuwa mkononi, inawaka.

"Sista," akasema. "Macho yangu hayaoni. Zinaungua, Sista. Zimenishinda."

"Twende nje, baba."

"Nimezikinga chumvi. Nimezikinga kila kitu."

"Najua. Inuka."

Alimshika kwapani, akamvuta. Mzee akainuka nusu, akayumba, kisha, kwa ile desturi yake ya miaka yote, akasema, "Ngoja nizime tochi," na kidole gumba kikapanda juu ya swichi.

Kristina aliurukia mkono ule kwa mikono yake miwili. "Usiizime!" Ilitoka sauti ya kunong'ona, kama vile hata sauti ingeweza kutoa cheche. "Usiizime, Mzee Idarusi. Wallahi tutakufa."

"Inakula betri..."

"Iache izile."

Alikibana kidole cha mzee chini ya kiganja chake, akakihisi kikitaka kusukuma, maana mzee hakuwa na akili zake zote. Wakatoka hivyo hivyo, wameshikana kama maharusi, upande upande, hatua fupi, yeye akitazama kidole tu. Ukumbini walipita mbele ya friji. Kristina alibana pumzi, kana kwamba friji lingeamka kwa kuhema kwake. Kisha mwanga wa jua, mchanga, upepo. Alimsogeza mzee mpaka kwenye mikadi ndipo akauachia mkono wake. Mzee akaizima tochi, tak, na Kristina akamketisha mchangani.

"Maji!" alimwambia Bi Semeni. "Chota kisimani, mmwagie machoni. Mengi, usisite, hata akilia."

Akauvua ufunguo shingoni mwa mzee, akakimbia mlingotini. Kufuli lilikuwa na kutu, likagoma, likakubali. Ndani ya kisanduku palikuwa na mkono mwekundu wa breki. Akaushika, akatazama juu. Upepo haukushuka. Ulivuma kana kwamba unamjua, ukaongeza, mlingoti mzima ukatetemeka kwenye kiganja chake. Nyuma yake alisikia Sabra akipiga kelele ile isiyofanana na nyingine, ile ambayo nesi akiisikia hajiulizi mara mbili. Mtoto yuko mlangoni.

"Shuka," aliuambia upepo. "Shuka kidogo tu."

Aliwaza kuuvuta hivyo hivyo. Aliwaza kuuacha. Machozi yalimtoka kwa ile tindikali au kwa kitu kingine. Halafu nyasi zilizolala zikainuka nusu, mvumo ukashuka sauti moja, mapanga yakaanza kuonekana, moja, moja, na Kristina akauvuta ule mkono kwa uzito wake wote. Pangaboi likaguna. Likajikokota mizunguko michache kama ng'ombe aliyechinjwa, likasimama.

Kimya kile kilimtisha kuliko makelele. Ndani ya zahanati betri zilikuwa bado zinachemka. Joto halizimwi kwa breki.

Alirejea kwa Sabra, akapiga magoti, akavaa glovu zilizokuwa mfukoni. Kichwa kilikuwa kinaonekana. Bi Semeni alikuwa kati yao wawili, mkono mmoja ukimmwagia mumewe maji, mwingine umeshikwa na binti yake.

"Sukuma, Sabra. Hivyo. Pumzika. Tena."

Mtoto alitoka kwenye mikono yake kwa mkupuo mmoja, na ndipo chumba cha betri kilipopaa.

Hakuusikia mlio wenyewe. Aliuhisi kifuani, kama kofi la mtu mkubwa. Aliinama juu ya mtoto na miguu ya mama yake, na vitu vikaanza kunyesha: vipande vya matofali, plastiki nyeusi, bati zima lililopita juu ya mikadi na kujichoma mchangani. Alipoinua kichwa, dunia haikuwa na sauti. Vumbi lilitoka palipokuwa na ukuta. Akamtazama mtoto. Wa kike, wa bluu kidogo, kinywa wazi, wala hakulia. Kristina akamgeuza, akampangusa mdomo, akamsugua mgongo. Kinywa kilifunguka na kufumba bila sauti. Akamsugua tena, kwa nguvu. "Lia," alisema, wala hakuisikia sauti yake mwenyewe. "Lia, mama, lia."

Bi Semeni akamshika bega. Alikuwa akisema kitu. Alikuwa akilia na kucheka, akionyesha sikio lake, kisha akimwonyesha mtoto. Ndipo Kristina akaelewa kwamba mtoto analia, analia kwa nguvu zote, na kwamba asiyesikia ni yeye.

Fundi Rahimu alifika kwa pikipiki jua likianza kulala, akawakuta watu wa kijiji wamesimama mbali. Ukuta wa chumba cha wazazi ulikuwa umelalia kitanda cha kujifungulia, na tindikali ilikuwa inakula shuka polepole. Hakuna aliyejua cheche ilitoka wapi. Huenda ni friji. Huenda ni betri yenyewe. Rahimu alizunguka, akaziokota mbao zenye lami, akazitazama muda mrefu.

"Nilimwambia chumvi itaziua," alimwambia Kristina, ambaye sikio moja lilikuwa limeanza kusikia. "Sikumwambia yale matundu ni ya nini. Nilidhani anajua."

Mzee Idarusi alilazwa hospitalini Tanga. Yale maji ya kisimani yalimwokolea jicho moja sawasawa. Jingine lilibaki na ukungu. Kijijini wapo waliotaka aitwe mbele ya mkutano ajieleze. Kristina alikwenda kumwona, akamwamkia shikamoo, akaketi ukingoni mwa kitanda. Mzee hakuuliza habari za mkutano. Aliuliza kama kuna betri zilizopona.

"Zipo. Za safu ya nyuma."

"Nilitaka zidumu, Sista," alisema. "Nilitaka zidumu tu." Akageuza uso.

Kabla ya vuli kijiji kilijenga kibanda kipya cha betri, peke yake, mbali na zahanati, kina matundu mapana yenye wavu juu na chini, na Rahimu safari hii alikaa mpaka akaeleza kila tundu na kila waya, mbele ya watu wote. Mkutano haukumwita mzee kujieleza. Ulimwita arudi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyetaka kukaribia.

Siku ya kwanza alisimama mlangoni mwa kibanda, ameshika dumu la maji. "Sista, jicho langu halisomi mstari wa maji. Njoo unisomee."

Kristina akaenda mpaka kizingitini. Hapakuwa na harufu yoyote, upepo ulipita ndani na kutokea upande wa pili. Aliziona betri zimepangwa, safi, kimya.

"Siwezi, Mzee Idarusi. Nisamehe."

Bi Semeni, aliyekuwa nyuma yao na mjukuu mgongoni, akamfungua mtoto, akamkabidhi Kristina, akainama na kuingia. Kristina akatembea na mtoto hadi palipo wazi, mbali, akasimama akiutazama mlango ule, akiwasikia wale wawili wakibishana kwa sauti ndogo kama maji yamefika mstarini au bado. Hakuingia siku ile, wala siku iliyofuata.